Stelingi Anayepuliza Ngumi

Mjomba wangu ana neno moja la kuifukuza filamu sebuleni kwake: "Huyo naye stelingi?" Hulisema polepole, macho yakiwa kwenye kikombe cha chai ya tangawizi, na ukishalisikia ujue umekwisha, hata kama majina ya waigizaji ndiyo kwanza yanapita. Mara ya kwanza kulisikia nilikuwa na miaka tisa hivi. Kwenye televisheni alikuwa Jackie Chan. Kampiga adui ngumi ya taya, adui kayumba, na Jackie, badala ya kusimama imara kungoja anayefuata, kakunja uso, kautikisa mkono, kaupuliza. Fuu, fuu. Kama mtu aliyeipua sufuria bila kitambaa.

Sisi watoto tuligaragara kwa kicheko. Mjomba akainuka, akaenda kuzima deki.

"Stelingi gani anapuliza ngumi yake?"

Hakuna aliyemjibu, maana mjomba hajibiwi. Lakini ugomvi wote niliousikia tangu siku ile kuhusu filamu za ngumi za kuchekesha, na nimeusikia mwingi, ukiufuata mpaka kwenye mzizi wake unalikuta swali hilo hilo.

Tulikuwa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza kilichozungushiwa magunia na kuezekwa mabati, na ukishaingia saa nane mchana ulielewa kwa nini kinaitwa umiza. Kila asubuhi mwenye kibanda aliandika kwa chaki kwenye kipande cha plaiwudi: LEO BRUSILII. Au: LEO JEKI CHENI. Jina la filamu hakuliandika, halikuwa na kazi. Watu walimfuata mtu. Kiingilio shilingi 20, na asiyekuwa nayo alitafuta tundu kwenye gunia akachungulia mpaka afukuzwe kwa ufagio.

Ubao ukisema BRUSILII, benchi za nyuma zilijaa wakubwa. Makuli wa bandarini, mafundi wa gereji, vijana waliokuwa wakijifunza karate jioni na kutembea mtaani kana kwamba wamebeba ndoo mbili zisizoonekana. Walitazama kimya. Aliyecheka alitazamwa vibaya. Ubao ukisema JEKI CHENI, kibanda kilikuwa chetu. Wakubwa waliokuja siku hiyo walikuwa wale wa kupenda kelele, wauza samaki, makondakta, mlevi mmoja aliyelala tangu mwanzo mpaka mwisho. Mgawanyiko wenyewe ulikuwa kama wa Coastal Union na African Sports: hukumbuki ulijiunga lini, unajua tu uko upande gani.

Upande wa mjomba ulikuwa na sababu zake, na mimi nimechelewa sana kuzielewa. Ujana wake aliufanyia Dar es Salaam miaka ya 1970, enzi za sinema za Avalon na Empress, ambako watu walivaa vizuri kwenda kutazama filamu. Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32, hata filamu yake Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa. Kwa hiyo ilipowafikia vijana kama yeye, walikuwa wanamtazama marehemu. Kila mpenda picha za ngumi anajua kanuni kwamba stelingi hafi. Huyu alikuwa keshakufa, na bado kwenye pazia anapiga watu kumi, hapigwi. Mjomba alitoka pale akatafuta mpini wa jembe, akaukata vipande viwili, akaviunganisha kwa mnyororo wa mbwa kama silaha ya Bruce, na alama iliyo juu ya nyusi yake ya kushoto ni ya wiki hiyo. (Hilo alinisimulia shangazi, si yeye.)

Halafu watoto wa dada yake wanamletea mtu anayepuliza ngumi.

Jambo ambalo mjomba hakulijua ni kwamba Jackie Chan naye alianza kwa kulazimishwa awe Bruce Lee. Baada ya msiba wa 1973 watengenezaji wa filamu wa Hong Kong walihangaika kumtafuta mrithi, wakaokota kila kijana aliyeweza kurusha teke na kumbandika jina linalofanana. Lo Wei, mwongozaji aliyefanya kazi na Bruce mwenyewe, alimchukua Jackie akamweka kwenye New Fist of Fury mwaka 1976. Kijana kanuna, kakaza macho, analipiza kisasi. Watu hawakuja. Ukiitazama leo unaona kwa nini: ana uso wa mtu aliyeambiwa asicheke msibani.

Mwaka 1978 akaazimwa kwa kampuni nyingine ndogo, ya Ng See-yuen, na mwongozaji mgeni kabisa kwenye kazi hiyo, Yuen Woo-ping. Mwaka huo huo wakatoa mbili, Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, na mambo yakageuka. Jackie ameeleza mara nyingi alichokifanya, na maelezo yake ni mepesi mno: alikaa akamchunguza Bruce Lee, kisha akafanya kinyume. Bruce anarusha teke juu, yeye chini. Bruce anavunja ukuta kwa ngumi, yeye anapiga ukuta mkono unamuuma. Kwa maneno mengine, kule kupuliza ngumi kulikokuja kumuudhi mjomba sebuleni kwetu Tanga kulipangwa, tena kwa ajili ya mtu kama yeye, mtazamaji aliyeingia akimngoja Bruce.

Si kwamba Jackie ndiye aliyevumbua kuchanganya ngumi na kichekesho. Mwongozaji Lau Kar-leung alikwishafanya hivyo mwaka 1975 kwenye The Spiritual Boxer, na Sammo Hung, mtu mnene anayepaa kama tiara, mwaka ule ule wa 1978 alitoa Enter the Fat Dragon, ambamo yeye ni mfuga nguruwe anayemwabudu Bruce Lee. Ila Drunken Master ndiyo iliyofika kwenye magunia yetu, kwa hiyo ndiyo ninayoijua kwa mwili.

Nasema kwa mwili kwa sababu tuliiiga. Kuna mahali mwalimu, mzee mlevi anayeitwa So, anamning'iniza kijana kichwa chini miguu juu, ndoo ya maji iko chini, ndoo tupu iko juu, na kijana lazima ateke maji kwa vikombe vidogo, ajikunje, amimine juu, ashuke, ateke tena. Tulijaribu kwenye mwembe wa jirani kwa vikombe vya kahawa vya bibi. Vikombe vilikuwa sita. Jioni vilibaki viwili, na mimi nilikuwa na nundu na bandeji ya kanga. Lakini kilichomkasirisha bibi zaidi si vikombe. Ni kwamba tulitoka madrasa, vitabu kwapani, tukawa tunayumba njia nzima kama walevi, mmoja kashika birika la udhu analigeuza gudulia la pombe. Mtindo wa ngumi za kilevi, tulimweleza. Hakuuona mtindo.

Na hapa ndipo nilipokuja kugundua kwamba hata kwao Hong Kong filamu ile ilichezea kitu cha heshima. Kijana mvivu, mwongo, anayekimbia mazoezi, jina lake ni Wong Fei-hung. Huyo alikuwa mtu kweli, mwalimu wa kung fu na tabibu wa Kusini mwa China. Kuanzia mwaka 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alimwigiza kwenye filamu zaidi ya sabini, akiwa mzee wa busara, mpole, anayepigana baada ya maneno kushindwa. Watazamaji walilelewa na sura hiyo. Halafu anakuja Jackie anamwonyesha kabla hajawa mtu, akila chakula cha mgahawani bila pesa na kuchapwa. Fikiria mtu atengeneze kichekesho cha Kinjekitile akiwa kijana, anatoroka shamba na kuiba embe. Nusu ya ukumbi itacheka, nusu itaandika barua kwa mhariri.

Ila kuna akili ndani ya utovu huo wa adabu. Katika mitindo minane ya ulevi aliyofundishwa, Wong hakujifunza mmoja, ule wa mwanamke, kwa sababu aliona ni wa kike mno na haumfai mwanamume kama yeye. Mwishoni adui mwenye mateke makali, Hwang Jang-lee, anamzidi, na mwalimu anapiga kelele atumie mtindo wa nane. Hana. Inabidi autunge pale pale, huku anapigwa, akijilegeza na kujipodoa hewani. Kibandani hapo ndipo paa lilipotaka kung'oka. Sasa mwambie mtazamaji wa Bruce Lee kwamba ushindi wa filamu nzima umetokana na dharau ya stelingi mwenyewe kwa kitu alichokiona cha aibu. Atakwambia si ushindi.

Mgawanyiko wenyewe tuliuona wazi zaidi filamu ikiisha. Jackie alikuwa amechukua desturi kutoka kwa Wamarekani, alipoigiza kwenye The Cannonball Run ya 1981, ya kuonyesha mikato iliyoharibika huku majina yakipita. Kule Marekani ilikuwa waigizaji wanasahau maneno na kucheka. Yeye akaweka mifupa. Unamwona kakosea kuruka, kalala, watu wanakuja na machela. Kibandani tuliviita "makosa". Filamu ikiisha wakubwa walisimama, walijipangusa suruali, wakatoka. Kwao adui amekufa, kilichobaki ni nini? Sisi hatukutoka. "Makosa! Makosa!" Mwenye kibanda akijaribu kuutoa mkanda mapema ili aingize watu wa awamu ya pili, palikuwa hapakaliki. Tulitaka kuona bei.

Nikitazama nyuma naona makosa yale ndiyo yaliyotuweka upande wa Jackie. Mnara wa saa kwenye Project A, 1983: ananing'inia kwenye mshale wa saa, mikono inateleza, anaachia, anatoboa vitambaa viwili vya kivuli, anafikia ardhini kwa kichwa na shingo. Wazungu walikuwa na picha hiyo tangu 1923, Harold Lloyd akining'inia kwenye saa katika Safety Last! Tofauti ni kwamba Lloyd alining'inia. Jackie alining'inia, kisha akaachia, na filamu inakuonyesha anguko hilo zaidi ya mara moja, kwa makusudi, kana kwamba inakwambia rudia kuhesabu. Police Story ya 1985 ina vioo vingi hivi kwamba waliokuwa kazini waliibatiza jina la hadithi ya vioo. Mwishoni anateremka kwenye nguzo ya taa zinazowaka ndani ya duka la ghorofa nyingi na mikono yake ikaungua kweli. Armour of God, 1986, ndiyo nusura imuue. Alidondoka kutoka kwenye mti huko Yugoslavia, fuvu likapasuka, na sikio moja halikurudi sawasawa. Mti! Si mnara, si helikopta. Kila mtoto wa Tanga aliyewahi kudondoka mwembeni alikuwa na haki ya kumwita Jackie mwenzake.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba filamu hizi ni za kitoto kwa sababu hazina uchungu, nashangaa. Uchungu umejaa mle kuliko kwingine kote. Kwa Bruce uchungu ni wa adui. Unampata yeye, anakufa nao, wewe unakwenda nyumbani mzima. Kwa Jackie kila mtu anapata fungu lake: adui, stelingi, meza, ngazi, baiskeli, na muuza matunda ambaye hakuhusika. Anayecheka ni yule aliyekwisha kubali kwamba mwili wake nao una fungu. Anayechukia amekwenda sinema ili kwa saa moja na nusu asahau fungu lake. Makuli wa bandarini walishinda kutwa wakibeba magunia. Jioni hawakutaka kumwona mtu mwingine anashika kiuno.

Mimi sikujua hili wakati ule. Nilidhani wakubwa hawana ucheshi.

Palikuwa na mtu wa tatu kibandani, na yeye angeweza kuipindua hesabu yote: mtafsiri. Filamu za Kichina zilitufikia kwa Kichina, au kwa Kiingereza cha kubandika kisichofuata midomo, na wengi wetu hatukujua hata kimoja. Ndipo zikaja kanda zilizotiwa sauti za watafsiri, na Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa Lufufu. Mtafsiri wa aina hiyo hakutafsiri sentensi. Alisimulia, alitania, aliwapa waigizaji tabia za mtaani, akamzomea adui kabla hajafanya ubaya wowote. Kenya wakampata DJ Afro, ambaye hadi leo watu wanatafuta sauti yake kwanza na filamu baadaye. Uganda wana watafsiri wao, mavijei. Na mtafsiri mzuri alikuwa na uwezo wa kutisha: aliweza kuigeuza filamu ya kisasi ikawa kichekesho, watu wakacheka mama wa stelingi anapozikwa. Mjomba aliwachukia watafsiri kuliko alivyomchukia Jackie. "Jackie anajidhalilisha mwenyewe," alisema. "Hawa wanamdhalilisha marehemu."

Kutoka Wakaliga, Kampala, alitokea mtu aliyelielewa hilo mpaka chini kabisa. Isaac Nabwana amewahi kueleza kwamba utotoni filamu alikuwa akisimuliwa na kaka yake aliyekwenda kuziona. Yaani alizipenda kabla hajaziona, kwa mdomo wa mtu mwingine. Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, bunduki za vyuma chakavu, damu ya rangi, mabingwa wa kung fu wanarukaruka mitaani, na juu yake sauti ya VJ Emmie ikishangilia, ikicheka, ikiwasimanga waliomo na wanaotazama. Nakala isiyo na sauti ya vijei haipo tena; kilichobaki duniani ni filamu pamoja na mcheko wake. Wageni wengi walioiona mtandaoni walidhani wamewakamata Waafrika wakifanya kitu kibaya bila kujijua, wakacheka kwa kiburi. Mtu aliyekulia kibanda umiza hawezi kukosea hivyo. Anajua kuwa kicheko kimo ndani ya mchuzi tangu jikoni.

Rush Hour niipite haraka. Mwaka 1998 ilimfanya Jackie mtu wa dunia nzima, lakini nusu ya kichekesho chake ni mdomo wa Chris Tucker, na mdomo hausafiri vizuri. Kibandani watu waliongea wakati Tucker akiongea, kisha wakanyamaza Jackie aliposogelea kiti. Kila mtu alijua kiti kitafanyiwa kitu.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mwaka 2005 nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam, tukiishi sita kwenye chumba cha wanne, na mmoja wetu akaja na sidii ya Kung Fu Hustle ya Stephen Chow. Ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia na kule kwao ilikuja kutunukiwa tuzo ya filamu bora ya Hong Kong. Tukaiweka kwenye kompyuta. Mama mwenye nyumba, sigara mdomoni, vibiringizi kichwani, anamkimbiza kijana barabarani, na miguu yao inageuka magurudumu ya vumbi kama katuni. Anapiga kelele, nyumba zinatikisika. Mtu anachomwa visu begani, anaviacha vimesimama, anaendelea na mazungumzo. Wenzangu walikuwa hoi. Mmoja alitoka nje kwa kucheka, akarudi, akatoka tena.

Mimi nilikaa nimekunja mikono. Nikasikia sauti inasema, "Sasa huyo naye ni stelingi? Si kompyuta tu?"

Ilikuwa sauti yangu. Na ilikuwa, neno kwa neno, ya mjomba.

Tulibishana mpaka saa nane usiku. Hoja yangu ilikuwa moja: hakuna aliyeumia. Jackie aliachia mshale wa saa. Huyu kaachia kipanya. Kama mwili haulipi, namcheka nani? Mwenzangu mmoja, mtu wa Mbeya, mtulivu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kama nimewahi kuishi nyumba ya kupanga. Nikasema unajua vizuri tunaishi wapi. Akasema, basi tazama tena, acha ngumi, tazama nyumba.

Nikatazama tena, peke yangu, siku nyingine. Na kweli. Mtaa ule wa mabanda, ambao jina lake linatajwa pamoja na zizi la nguruwe, una bomba moja. Mwenye nyumba kafunga maji. Mtu kasimama uani, povu la sabuni kichwani, suruali imeshuka nusu, analalamika, na mama anamjibu kutoka juu kwa maneno ambayo sihitaji kuyatafsiri kwa mtu yeyote aliyewahi kupanga Manzese au Mwembe Tayari. Mabingwa waliojificha ni mbeba mizigo, fundi cherehani na mpika tambi. Majambazi wa shoka hawaji mtaani hapo kwa sababu hakuna cha kuiba. Kumbe wanaoumia wapo, ila maumivu yao yalianza kabla filamu haijaanza. Chow hakuhitaji kumwangusha mtu kutoka kwenye mnara. Aliowachukua walikwisha angushwa, akawapa visigino vya kurukia.

Bado napendelea Jackie. Lakini nilikoma kusema kompyuta.

Nikaanza pia kusoma majina, tabia ambayo kibandani hatukuwa nayo. Mama mwenye nyumba ni Yuen Qiu. Mumewe, yule mlevi mwembamba anayepigwa na mkewe na kutupwa dirishani, ni Yuen Wah. Jina Yuen si la ukoo. Ni la mwalimu wao, Yu Jim-yuen, aliyekuwa na chuo cha opera ya Peking huko Hong Kong, ambako watoto walikabidhiwa kwa mkataba, wakapindishwa, wakachapwa, wakafundishwa kuimba na kuruka, kila hatua ikifuata ngoma na matoazi. Jackie alikaa humo miaka kumi. Sammo Hung alikuwa kaka yao mkubwa. Ndiyo maana mapigano yao yana mdundo ambao hata mtoto asiyejua neno la Kichina anaufuata: piga, piga, nyamaza, piga, angalia, anguka. Opera ilipokosa wateja, wale watoto walikuwa na ujuzi mmoja tu wa kuuza. Walijua kuanguka. Wakaenda kwenye filamu kuanguka badala ya wengine.

Mgawanyiko wa ukumbini ulikuwepo hata jikoni kwao. Drunken Master II ya 1994 iliongozwa na Lau Kar-leung, na huyo kwenye mitindo hakuwa mtu wa mzaha: baba yake alifundishwa na mwanafunzi wa Wong Fei-hung mwenyewe. Alitaka mitindo ionekane ilivyo. Jackie alitaka makaa ya moto, mapipa, na kuunguzwa makalio. Wakashindwana, mzee akaondoka, na pambano la mwisho kiwandani Jackie akalisimamia mwenyewe. Ni moja ya mapambano makubwa niliyowahi kuyaona, na kila nikilitazama namwona mjomba anainuka kuelekea kwenye deki.

Idi iliyopita nilikwenda Tanga na flashi mfukoni. Mjomba ana miaka sabini na kitu sasa, goti moja linamsumbua, na akikaa au kuinuka hutoa pumzi kwa mdomo. Fuu. Sikusema kitu. Niliwasha Enter the Dragon, heshima yake, chai ikaletwa.

Filamu ile inaanza kwa pambano la mazoezi, Bruce amevaa kaptura nyeusi, anapambana na kijana mnene.

"Mjomba, unamjua huyo mnene?"

"Huyo wa kupigwa tu."

"Ndiye Sammo Hung. Yule wa vichekesho, mwenzake Jackie."

Akanyamaza. Tukaendelea. Tulipofika kwenye pango, Bruce akamkamata kijana mmoja nywele, akamvunja shingo, nikasimamisha.

"Na huyo?"

"Maiti."

"Huyo ni Jackie Chan."

Akasogeza miwani. Akaangalia muda mrefu uso ule uliokunjamana, wa kijana asiye na jina. Nikaona niseme yote kwa mara moja. Nikamwambia kwamba zile sarakasi za kupinduka hewani, zilizomfanya akate mpini wa jembe la baba yake, nyingine si za Bruce. Alizifanya mtu mwingine aliyevaa kama yeye, jina lake Yuen Wah, na mtu huyo uzeeni alikuja kuigiza mume mlevi anayetupwa dirishani na mkewe.

"Unataka kuniambia Bruce hakujua kupinduka?"

"Alijua ngumi, mjomba. Kupinduka alimwachia mwenzake."

Chai yake ilikuwa imepoa. Alikunywa hivyo hivyo. Kutoka nje ilisikika sauti ya watoto na bunduki zao za maji za sikukuu, mmoja kajigonga mahali, analia na kucheka kwa pamoja.

"Rudisha mwanzo," akasema.

Nikarudisha. Bruce akatokea, kaptura nyeusi, ngumi mbele. Nikaongeza sauti.

"Hapana, siyo yeye. Peleka mbele kidogo. Hapo mnene anapotupwa."

Nikapeleka. Sammo akaruka, akajikunja, akatua kwa mgongo.

"Kaanguka vizuri," mjomba akasema. "Weka tena."